Mhubiri Fosdick na Deni la Mimbari

Leo, ndugu msomaji, twaomba ruhusa yako tumlete katika kurasa hizi mtu asiyekuwa wa dini yetu. Tumezoea kuwasoma wahubiri wa Kikristo kwa njia mbili. Ama huwasoma tukitafuta kosa la kuwacheka, ama huokota maneno yao tukayafanya fimbo ya kuwapigia wenzao. Njia zote mbili hazina uadilifu, na Muislamu ameamrishwa uadilifu hata kwa mtu asiyempenda. Tunayetaka kumpima leo ni Harry Emerson Fosdick, mhubiri wa Kiprotestanti wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufa mwaka 1969. Na mizani yetu ni moja: mwenye kupanda mimbari hudaiwa kila neno alilolitamka.

Jina la mtu huyu hutajwa katika mabishano ya dini kwa ajili ya hotuba moja. Aliitoa Jumapili, tarehe 21 Mei 1922, katika kanisa la Wapresbiteri mjini New York, na anwani yake ilikuwa swali: Je, washikiliaji wa misingi watashinda? Waprotestanti wa Marekani wakati ule walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema kuwa Biblia yote, neno kwa neno, haina kosa, kwamba Nabii Isa (a.s.) alizaliwa na bikira, kwamba atarudi kwa kiwiliwili chake, na kwamba asiyekubali hayo hana nafasi kanisani. Kundi la pili, la watu wa fikra huru, lilisema kuwa elimu mpya ya sayansi na ya historia imewalazimisha kuyaelewa mambo hayo upya. Fosdick alikuwa wa kundi la pili. Hakutaka wa kundi la kwanza wakatazwe kuamini wanayoyaamini. Alichotaka ni kuwa wale wasioweza kuyaamini, naye akiwa mmoja wao, wasifukuzwe.

Hotuba ile ilichapwa na kutawanywa Marekani nzima, nakala kiasi cha 130,000, kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller mdogo. Mwenzake mmoja wa Philadelphia, Clarence Macartney, akamjibu kwa hotuba iliyouliza kama kutoamini ndiko kutakakoshinda. Fitina ikawaka miaka miwili.

Sasa wapo miongoni mwetu, khasa vijana wapendao mijadala, wanaoifurahia khabari hii. Husema: "Padri wao mkubwa amekiri mwenyewe kuwa kitabu chao hakikuteremshwa neno kwa neno. Tunataka ushahidi gani tena?" Ndugu zetu hawa twawauliza maswali mawili.

La kwanza: je, mwajua mnamshangilia nani? Katika jambo la kuzaliwa Nabii Isa bila ya baba, sisi tunaosoma Suratu Maryam tu karibu zaidi na wapinzani wa Fosdick kuliko Fosdick. Yeye aliiona khabari ile kuwa ni njia ya watu wa kale ya kumtukuza mtu mkubwa. Sisi tunaiamini kuwa ni kweli iliyotokea, kwa amri ya Yule akitakacho jambo huwa. Muislamu anayempigia makofi Fosdick siku ya Jumamosi, kisha Jumapili akasoma kisa cha Bi Maryam chini ya mtende, ajue kuwa amepiga makofi dhidi ya nafsi yake.

La pili ni zito zaidi: je, mmeisoma hotuba nzima? Kwani ndani ya hotuba ileile Fosdick aliigusa Qur'ani. Alipotaka kuwaonyesha wasikilizaji wake khatari ya kuamini kitabu kilichoteremshwa neno kwa neno, mfano alioutoa ni wetu. Alitaja utumwa, ndoa za wake wengi na matumizi ya nguvu. Akasema kuwa Qur'ani ilipokuja ilikuwa imeutangulia wakati wake, lakini Waislamu kwa kuamini kuwa ni maneno ya Mungu yasiyobadilika wameigandisha, ikawa ni jiwe zito shingoni mwao. Kisha akawageukia Wakristo akawaambia kuwa mambo hayohayo yamo katika Biblia pia, ila wao wana njia ya kuyaacha nyuma. Basi fimbo mliyoiokota ina ncha mbili, na ncha moja inawatazama nyinyi.

Uadilifu wataka tumjibu bila ya matusi. Nasi tutamjibu kwa mambo mawili: la kwanza latoka katika elimu yetu, na la pili latoka katika maisha yake mwenyewe.

Katika elimu yetu, Fosdick alichanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: neno kuwa thabiti, na ufahamu kuganda. Sisi watu wa pwani tu wafuasi wa Imam Shafii. Imam huyu aliyezaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra alikuwa na fatwa zake alizozitoa Iraq. Kisha akahamia Misri, akazipitia upya, nyingine akaziacha akasema jengine. Vitabu vyetu vya fiqhi mpaka leo vinazitaja kauli zake za zamani na kauli zake mpya, na mwanafunzi wa chuoni akifika mbele hufundishwa tafauti zake. Qur'ani aliyoisoma Baghdad ndiyo aliyoisoma Misri, hapana herufi iliyobadilika. Lakini Imam alitazama, akapima, akarejea. Je, huko ndiko kuganda? Laiti Fosdick angalikaa katika darsa moja ya fiqhi, asingaliyasema aliyoyasema kwa wepesi ule. Hata hivyo na sisi tukiri: wapo kati yetu waliofunga mlango wa kufikiri kisha wakaulaumu Uislamu kwa uvivu wao. Waliomfanya mgeni adhani kuwa tumeganda ni hao.

Jawabu la pili, lililo katika maisha yake, ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Fosdick alizaliwa Buffalo, katika jimbo la New York, mtoto wa mwalimu wa skuli. Alisoma chuo cha Colgate, kisha chuo cha wahubiri cha Union mjini New York. Huko, katika ujana wake, alipatwa na maradhi ya huzuni makali sana. Katika kitabu cha maisha yake, The Living of These Days, kilichotoka mwaka 1956, anasimulia bila ya kujificha kuwa alifika mahali pa kutaka kujitoa roho, na kilichomzuia ni sauti ya baba yake aliyemwita kwa jina kutoka chumba chengine. Akalazwa hospitali, akapoa kidogo kidogo. Kurasa hizo ni za kweli, na sisi twazisifu. Watu wangapi katika majumba yetu wana maradhi haya ya nafsi, na sisi tukawaambia kuwa imani yao ni ndogo tu, au tukawaficha kwa haya? Fosdick asema kuwa asingaliweza kukiandika kitabu chake cha maana ya sala, kilichotoka mwaka 1915, lau hakupitia shimo lile. Na baadaye, alipokuwa mashuhuri, aliweka saa za kuonana na mtu mmoja mmoja mwenye shida, akasema kuwa hotuba nzuri ni nasaha ya mtu mmoja iliyotolewa mbele ya wengi. Hilo ni neno la mtu aliyeonja.

Basi huyu, aliyewahi kuwa mhubiri wa Wabatisti katika mji wa Montclair, ndiye aliyekuwa mwalimu wa uhubiri katika chuo chake cha zamani wakati Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1917. Wakati ulikuwa wa ngoma na bendera. Magazeti, maprofesa na wanasiasa wote walisema kuwa vita vile ni vya haki. Fosdick, ambaye mafundisho yake yote yalikuwa kwamba dini iusikilize wakati wake, akausikiliza wakati wake. Akaandika kitabu cha kuwahimiza watu vitani. Mwaka 1918 akavuka bahari hadi Ufaransa, akapita kambini akiwahutubia askari na kuwatia moyo.

Vita vile twavijua hata sisi. Ndivyo vilivyowachukua babu zetu kuwa wapagazi wa majeshi, wengi wao wasirudi, na jina la Kariakoo limebaki mjini Dar es Salaam likiwakumbusha. Askari waliopigana kule Ufaransa na wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi huku Afrika Mashariki walikuwa katika moto mmoja.

Miaka ikapita. Jumapili, tarehe 12 Novemba 1933, siku moja baada ya kumbukumbu ya kumalizika vita, Fosdick alipanda mimbari akatoa hotuba kuhusu kaburi la Askari Asiyejulikana, lile lililoko Arlington karibu na Washington, ambamo amezikwa askari mmoja asiye na jina kwa niaba ya wote. Fosdick alisema kuwa ana hesabu na mtu yule. Akakumbuka jioni moja, ndani ya banda lililobomoka nyuma ya mstari wa vita, alipowahutubia vijana waliokuwa wakienda usiku ule kuvamia mahandaki ya Wajerumani kwa mabomu ya mkono. Aliambiwa kuwa katika uvamizi wa namna ile kwa kawaida haurudi ila nusu ya kikosi. Naye alisimama mbele yao akawatia hamasa. Akauliza: je, Askari Asiyejulikana alikuwa mmoja wao? Je, ni mimi niliyempa moyo wa kwenda? Kisha mbele ya jamaa wote akasema kuwa anavikana vita, na kwamba hatavibariki tena kabisa.

Msomaji, tusiipite hotuba hii haraka. Wahubiri wangapi unaowajua, wa dini yoyote, waliosimama mahali palepale walipokosea wakasema: nilikosea, na huenda mtu amekufa kwa neno langu? Wengi hubadilisha maneno kimyakimya wakitumai kuwa watu wamesahau. Sisi katika mafundisho ya toba tunaambiwa kuwa kosa lililofanywa hadharani lataka kubainishwa hadharani. Fosdick hakuyasoma hayo kwetu, lakini aliyafanya. Na ahadi yake aliitimiza ilipokuwa ghali. Marekani ilipoingia vitani tena mwaka 1941, na nchi nzima ikawaka kwa ghadhabu, yeye alibaki juu ya neno lake: akawahudumia askari kama watu wenye roho, akakataa kuvitukuza vita.

Hapa sisi twatafautiana naye pia. Uislamu hauvikani vita vyote. Umeviwekea mipaka, umekataza kumuua mwanamke, mtoto na mzee, na umemruhusu aliyedhulumiwa ajitetee. Mtu aliyebariki kila kitu mwaka 1917 akaja kukana kila kitu mwaka 1933 ametoka ukingo mmoja akaenda ukingo wa pili. Lau alikuwa na kipimo kilicho nje ya nafsi yake na nje ya wakati wake, huenda angaliuliza tangu mwanzo: vita hivi vina haki gani, na mipaka yake iko wapi?

Na hilo ndilo jawabu letu la pili kwa hotuba yake ya 1922. Alisema kuwa neno lisilobadilika ni jiwe shingoni. Lakini mwaka 1917, ni neno gani lingemzuia? Mtu aliyejifundisha kuipima wahyi kwa mizani ya zama zake, zama zikilewa naye hulewa. Jiwe lile alilolilaumu, chomboni huitwa nanga. Nanga nayo ni nzito, na baharia mjinga hulalamika kuwa yamchelewesha, mpaka ije dhoruba.

Twashukuru kuwa Fosdick mwenyewe alianza kuliona jambo hili. Mwaka 1935 alitoa hotuba nyengine, akawaambia wenzake wa fikra huru kuwa kanisa halina budi kwenda mbele zaidi ya usasa wao. Alisema kuwa wamejishughulisha mno na kuilinganisha dini na fikra za kisasa, na kwamba sasa kazi ni kusimama mbali na ulimwengu huu wa kisasa na kuukabili. Hakurudi kwa wapinzani wake wala hakuiacha njia yake. Lakini mwenye kuisoma hotuba ya 1922, ya 1933 na ya 1935 kwa pamoja, ataona mtu aliyekuwa akijifunza, na aliyelipia masomo yake.

Limebaki jambo la fedha, na hapo hatutamwachia. Mwaka 1924 wakuu wa Wapresbiteri walimpa khiari: atie sahihi itikadi yao, au aondoke. Alikataa kutia sahihi asiyoyaamini, akaondoka mwaka 1925. Katika hilo alikuwa mkweli kuliko wengi wanaosaini kwa mkono na kukana kwa moyo. Lakini alipoondoka, mlango uliofunguka ulikuwa wa Rockefeller, aliyetaka awe mhubiri wa kanisa lake. Fosdick alisita, akamwambia kuwa hapendi kuitwa mhubiri wa tajiri mkubwa kuliko wote nchini. Rockefeller akamuuliza: wadhani watakaokulaumu wewe kwa mali yangu watakuwa wengi kuliko watakaonilaumu mimi kwa itikadi yako? Wakacheka, na jambo likapita. Fosdick aliweka sharti kuwa kanisa liwafungulie mlango Wakristo wa madhehebu yote, na mwaka 1930 likafunguliwa jengo kubwa la Riverside, kando ya mto Hudson, lenye mnara mrefu mno. Ulikuwa ni mwaka mmoja tu tangu kuporomoka kwa soko la hisa, na mji ule ulikuwa unaanza kujaa watu wasio na kazi.

Kichekesho cha tajiri yule ni kitamu, lakini hakikujibu suala. Mwaka 1914, kule Ludlow katika jimbo la Colorado, wachimba makaa ya mawe wa kampuni ya Rockefeller waligoma, na kambi yao ya mahema ikapigwa risasi na kutiwa moto. Wanawake na watoto wakafa katika shimo walimojificha. Aliyeajiriwa baadaye kulisafisha jina la Rockefeller mbele ya watu alikuwa bwana mmoja aitwaye Ivy Lee. Na Ivy Lee huyohuyo ndiye aliyeitawanya hotuba ya Fosdick ya 1922. Hatusemi kuwa Fosdick aliuza ulimi wake. Hatuna ushahidi huo, na kumsingizia mtu ni haramu. Twasema kuwa mtu aliyemfanyia Askari Asiyejulikana hesabu ya neno moja moja, tungalipenda kumuona akiufanyia hesabu ileile mnara uliomfunika.

Pamoja na hayo, mimbari ile ilikuja kuwa na kheri yake. Fosdick alistaafu mwaka 1946. Tarehe 4 Aprili 1967, naye yu hai bado, Martin Luther King alisimama katika kanisa lilelile la Riverside akavilaani vita vya Vietnam, wakati ambapo rafiki zake wengi walimtaka anyamaze. Na Waislamu wasisahau kuwa Fosdick alizuru Palestina mwaka 1926, na katika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka 1927 alitahadharisha kuwa siasa ya Kizayuni, katika nchi ambayo Waarabu ndio wenyeji wake, inaelekea kwenye msiba. Wakubwa wengi wa Ulaya na Marekani hawakuliona hilo, au waliliona wakanyamaza.

Basi tujitazame wenyewe. Tumesema kuwa neno thabiti ni nanga, na ndivyo tunavyoamini. Lakini nanga haimfai mtu aliyeikata kamba. Mwezi wa Novemba 1914, Istanbul ilitangaza kuwa vita vilevile ni jihadi, hali ya kuwa dola hiyo ilikuwa bega kwa bega na Ujerumani na Austria, dola za Kikristo, kwa ajili ya maslaha ya watawala. Waliotoa fatwa ile walikuwa na Qur'ani mkononi, isiyobadilika herufi. Je, kuna khatibu mmoja miongoni mwao aliyekuja kusimama, kama alivyosimama mhubiri yule wa New York, akasema: nina hesabu na kijana aliyekufa kwa fatwa yangu?

Wazazi nanyi, mtoto akirudi skuli na suala juu ya dini, msimnyamazishe kwa kofi. Fosdick aliwapata maelfu ya vijana kwa sababu makanisa yao yaliwajibu kwa kuwafukuza. Mpeni mtoto jawabu, na mkiwa hamnalo mpelekeni kwa anayelijua. Mkimnyima nyinyi, atalitafuta kwengine, na huko hatachagua mwalimu.

Na nyinyi mashekhe wetu na makhatibu wetu, neno la Ijumaa halimaliziki mswalini akitoka mlangoni. Lafuatana naye nyumbani kwake, kazini kwake, na pengine kaburini kwake. Siku ya hesabu lafuatana nanyi pia.

Wallahu a'lam.